Firigisi Iliyotikisa Ushirombo

Sogeeni karibu, enyi mlio hai na wenye masikio. Ninyi mnaochunga ng'ombe katika mbuga za Kishapu, fungeni ndama wenu mje. Pandeni kutoka mashimoni, enyi wachimbaji wa dhahabu wa Geita, mje na vumbi lenu na tochi zenu vichwani. Na ninyi madalali wa almasi wa Maganzo, mnaokaa kando ya barabara mkilitazama kila gari kana kwamba limekuja kwa ajili yenu peke yenu, nyanyukeni leo, kwa kuwa haya ninayosimulia hayauziki popote. Wengine wameimba falme na majemadari. Mimi, Luka mwana wa Damian, fundi simu wa Ushirombo, mtunzi niliyejifunza vina bila mwalimu na kwa hiyo bila mtu wa kunizuia, naimba firigisi.

Naam, firigisi ya kuku. Msicheke kabla ya wakati. Kicheko kipo mbele, na sehemu yake kubwa ni yangu.

Jueni kwamba katika nyumba yetu, kila mwaka Pasaka ikishapita, hutengwa jogoo mmoja aliyewazidi wenzake kwa kifua na kwa kelele, akalishwa mtama na kusamehewa makosa yake yote mpaka Krismasi. Kuku wengine huchinjwa siku hiyo, na mwaka wa mavuno mema hata mbuzi huanguka. Lakini jogoo huyu ndiye Krismasi yenyewe. Na kwa desturi tuliyoikuta, firigisi ya jogoo huyu ni ya mkubwa wa ukoo. Mwanamke haionji, mtoto haiombi. Alipokuwa hai babu yetu jambo hili halikuwa na ugumu wowote: babu aliitafuna, sisi tukamtazama, siku ikapita. Kisha babu akafa. Akaacha ng'ombe, akaacha shamba la mpunga, akaacha wana wawili mapacha. Ng'ombe wakagawanyika. Shamba likagawanyika. Firigisi ikakataa.

Wa kwanza wa mapacha hao ni Stanslaus, anayeitwa Kulwa kama Wasukuma wanavyomwita pacha anayetangulia kuzaliwa, dalali wa almasi huko Maganzo, mtu wa suti na kofia, ambaye hata akikuomba chumvi husikika kama anafungua mkutano. Wa pili ni Damian, anayeitwa Doto kama anavyoitwa pacha anayefuata, ndiye baba yangu, mkulima wa Ushirombo, mwenye boma, mwenye jogoo, mwenye redio. Stanslaus husema: mimi nilitangulia, jina langu ni shahidi. Baba husema: jina si ushahidi, kwa sababu mkunga aliwaosha wote wawili katika beseni moja, na walipotoka ndani ya beseni lile nani anajua yupi alikuwa yupi, tena hata kama Stanslaus alitangulia, mkubwa ndiye humtuma mdogo mbele akaangalie kama kuna usalama.

Mngedhani mama yao angemaliza ubishi huu kwa neno moja. Bibi Limi yupo, mzima kabisa, anasikia vizuri kuliko mimi. Wamemwuliza mara nyingi nani alizaliwa kwanza. Jibu lake halijabadilika hata siku moja.

"Siku ile," husema Bibi, "mimi nilikuwa na kazi nyingine."

Basi mwaka jana vita vililipuka. Baba aliitia firigisi mdomoni wakati Stanslaus bado ananawa mikono. Baba mkubwa aliuweka mkono wake uliolowa juu ya goti, akasimama, akavaa kofia, akapanda bodaboda mpaka stendi na kurudi Maganzo kabla chai haijachemka, na tangu siku ile ndugu wawili waliolala katika tumbo moja hawakupigiana simu mpaka mvua za mwaka uliofuata. Bibi hakula jioni ile. Na mama yangu Serafina, aliyekuwa amesimama motoni tangu alfajiri akipika wali wa watu wote hawa, alikusanya sahani zilizoachwa na chakula nusu, akaziosha peke yake.

Sasa sikieni chanzo cha safari yangu. Wiki ya mwisho ya Majilio nilimkuta mama barazani akichambua mchele kwenye ungo, amejifunga kitambaa kichwani kwa nguvu, namna anavyojifunga kichwa kikimwuma. Kichwa hicho humwuma kila mwaka kuanzia Jumapili ya kwanza ya Majilio. Daktari hajakiona, mimi najua kinaitwa Krismasi.

"Luka," alisema bila kuinua macho.

"Naam, mama."

"Dada yangu Asteria ameniita Songwa, kwa sikukuu ya mwakani."

"Uende kutembea?"

"Niende kula. Kwake kuna wakwe watatu, wote wanapika. Nimemwambia nitamjibu siku yenyewe ya Krismasi hii." Alitoa jiwe ndani ya mchele, akalitupa uani. "Baba yako na baba yako mkubwa wakila kwa amani, nabaki. Wakianza yale yao, mwakani nitakula Krismasi Songwa, tena nitakula nimekaa. Ninyi mtapika wenyewe."

"Baba umemwambia?"

"Baba yako ana masikio mawili, na yote ni ya redio."

Enyi wasikilizaji, mlima wa Geita ungeniangukia nisingeshtuka namna ile. Krismasi bila mama ni nini? Ni Damian, Stanslaus na mimi, tumekaa kuzunguka sufuria la wali mbichi. Nilisimama katikati ya baraza lile, nikauweka mkono kifuani, nikaapa mbele ya ungo na mchele kwamba mimi, Luka, simba wa vina, mwamba wa mizani, nitaleta amani katika ukoo huu kabla kengele ya Noeli haijanyamaza.

"Haya," alisema mama. "Ukimaliza kuapa, niletee kuni."

Nilileta kuni. Kisha nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikashika silaha yangu. Usiku na mchana nilitunga, nikafuta, nikatunga, wateja wakagonga kibandani kwangu kuuliza simu zao nami nikawajibu kwa ukimya wa watu wakuu. Hatimaye ulitoka ubeti ambao, kwa maoni yangu ya wakati ule, ungeweza kusimamisha vita vya mataifa. Nikautuma katika kundi la WhatsApp la ukoo, wote wauone kwa pamoja:

*Firigisi ni moja tu,*
*Nayo haitoshi watu;*
*Mkubwa na awe mtu,*
*Amwachilie mdogo.*

Nikakaa kungoja shangwe. Wa kwanza kujibu alikuwa dada yangu Violeth, ambaye Mungu amempa mikono ya kupika na ulimi wa kuchoma. Aliandika: "Umelipia bando kwa ajili ya hili?" Lakini jioni ile baba alizima redio, jambo ambalo halitokei hovyo, akaniita.

"Mwanangu, nimesoma. Una akili. Nimekubali."

"Umekubali, baba?"

"Kabisa. Mkubwa amwachie mdogo. Mimi kama mkubwa namwachia Stanslaus firigisi. Ila aseme kwanza, mbele ya watu wote, kwamba yeye ni mdogo."

Kabla sijameza mate simu ililia kutoka Maganzo.

"Luka, mwanangu, shikilia hapo hapo ulipo," ilisema sauti ya baba mkubwa. "Umeandika maneno ya mtu mzima. Nimefikia uamuzi. Mimi, kama mkubwa, namwachia Damian. Mwambie aandae shukrani za mdogo kwa mkubwa wake. Zisiwe fupi."

Hivi ndivyo nilivyoleta amani, ndugu zangu. Mwaka jana walikuwa wakigombania kuila firigisi. Mwaka huu, kwa nguvu ya kalamu yangu, walijiandaa kugombania kuitoa, na mtu anayegombania kutoa hashindiki, kwa maana ana haki na bado ana njaa.

Krismasi ikapambazuka. Stanslaus alikuwa amefika tangu jana yake, lakini alilala kwa jirani yetu Mzee Masudi ng'ambo ya ua, akisema kulala nyumbani kwa mdogo wake kabla jambo halijaamuliwa kungekuwa ni kukiri. Baada ya misa tulikutana wote uani.

"Shikamoo baba mkubwa," nilisema.

"Marahaba, mwanangu," alijibu Stanslaus, akamtazama baba. "Umesikia anavyoniita? Mkubwa."

"Amefundishwa adabu na mimi," alisema baba. "Hata jirani aliye mdogo kwake, Luka humwita mkubwa, ili kumfurahisha."

Mama alipita kati yao na ndoo ya maji, wakampisha.

Jogoo alichinjwa na Mzee Masudi, kama kila mwaka, ili naye na watu wake wale nasi pasipo mashaka. Yule shujaa mwenye manyoya alikufa kiume. Violeth alimnyonyoa, akampasua, akanikabidhi firigisi mkononi, moto bado, nzito, ndogo kuliko ngumi ya mtoto. Niliitazama. Nikafikiri juu ya yote yaliyofanywa na wanadamu kwa ajili ya vitu vidogo kuliko hiki.

"Unaitazama nini, si uipasue?" alisema Violeth. "Au unasubiri ikusalimie?"

Nikaipasua kwa wembe juu ya kigogo. Ndani, kama kawaida, palikuwa na mtama uliosagika na kokoto. Hapo nikahisi kivuli nyuma yangu. Alikuwa Stanslaus. Mtu aliyeishi Maganzo miaka thelathini hawezi kupita penye kokoto bila kuzikodolea macho, na huko kwao, wanasema, hakuna kuku anayepasuliwa firigisi bila mtu kuinama na kuangalia kama amemeza almasi. Alichutama akiwa na suti yake, akatoa mfukoni kioo chake kidogo cha kukuzia, akachokoa kokoto moja nyeupe, akaiosha kwa mate, akaiinua juani.

Baba naye alisogea. Hakuweza kujizuia.

"Umeona nini, tajiri?"

Stanslaus aligeuza kile kijiwe. Aligeuza tena.

"Chupa," alisema.

"Ya bia au ya soda?"

"Ya soda. Tena ya mwaka huu."

Baba alicheka, Stanslaus akacheka, wakaegemeana mabega pale chini kama watoto waliofumaniwa wakichimba uani. Niliona. Mama naye aliona kutoka mlango wa jiko, mwiko mkononi, na kwa kitambo kile uso wake ulikuwa wa msichana. Kisha wakakumbuka. Baba akajifuta mikono, Stanslaus akarudisha kioo mfukoni, kila mmoja akaenda kukaa upande wake wa baraza.

Jua lilipokuwa kichwani jeshi la vyakula lilitoka. Wali ulitangulia katika sinia, umesimama kama kichuguu. Ukafuatiwa na mchuzi wa kuku, na maharage, na mlenda wa Bibi ambao Krismasi kwake haiwi bila huo. Tuliketi kwenye mikeka, wakubwa kwenye viti, Bibi Limi katikati akiwa na kitenge kipya alicholetewa kutoka Maganzo. Mzee Masudi na mkewe waliketi upande wa mashariki. Na mwisho kabisa Violeth alileta bakuli dogo la bati lenye maua, akaliweka juu ya stuli mbele ya Bibi. Ndani yake, peke yake, imeloa mchuzi, iling'aa firigisi.

Baba alisimama, akakohoa.

"Ndugu zangu, jamaa zangu, na majirani. Siku kama ya leo mtu hupimwa kwa kile anachoweza kukiacha. Mimi Damian, mwenye boma hili, niliyemlisha jogoo huyu mtama kwa mkono wangu, mimi kama mkubwa, kwa moyo mweupe, namwachia mdogo wangu Stanslaus." Akalisukuma bakuli.

Stanslaus hakuwa na haraka. Alivua kofia, akaipa kiti kizima.

"Nimesikia. Maneno mazuri, kwa mtu wa umri wake. Nami nasema hivi: mtu aliyezaliwa kwanza hazaliwi kwanza ili ale, bali ili awatazame wenzake wakila. Mimi Stanslaus, niliyeliona jua kabla ya mtu yeyote aliyekuwemo katika mimba ile, namwachia mdogo wangu Damian." Bakuli likarudi.

"Siwezi kuchukua kwa mdogo."

"Hata mimi siwezi."

"Chukua, Kulwa."

"Chukua wewe, Doto. Nimekuamuru kama mkubwa."

"Mkubwa haamuriwi."

Bakuli lilikwenda, bakuli likarudi. Mvuke wa wali ulikuwa ukipanda wima. Sasa ulianza kuinama. Mafuta juu ya mchuzi yakaanza kuganda pembeni. Watoto wa Violeth walilamba midomo. Hapo nikaona saa yangu imefika, nikasimama.

"Wazee wangu, kuna sheria kubwa kuliko ukubwa, nayo ni ugeni. Firigisi hupewa mgeni. Mzee Masudi, kwa niaba ya ukoo huu, pokea."

Mzee Masudi aliutazama mkono wangu kama mtu anayeonyeshwa nyoka.

"Mwanangu, miaka ishirini tumetenganishwa na ua tu, huo ugeni umeniingia lini?" alisema taratibu. "Tena mimi nimekuja kula nyama, sikuja kula kesi."

Nikapumua kwa nguvu. Nilikuwa na beti nyingine, nane, nimezihifadhi kichwani kwa saa ya hatari.

"Basi nisikilizeni. Enyi mapacha wa tumbo—"

"Mume wangu," alisema Bibi Limi, maana ndivyo anavyoniita kwa utani wa bibi na mjukuu, "kaa. Shairi lako ndilo limetufikisha hapa. Na njaa yangu haina vina."

Kicheko kiliruka mkeka mzima, nami nikakaa kama kuku aliyemwagiwa maji. Hata hivyo mapacha hawakucheka. Walikuwa wameshikilia bakuli, mmoja huku, mmoja huku, kila mmoja akimsukumia mwenzake. Nilimtazama mama. Alikuwa bado amesimama mlangoni, hakuwa ameketi. Alifungua kile kitambaa kichwani, akajifuta uso nacho, akakikunja vizuri. Sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Violeth," alisema. "Nipe simu yangu. Nimpigie dada Asteria."

Hapo ndipo, enyi mnaonisikiliza, damu ya babu zangu iliponipanda. Sikufikiri, na historia itashuhudia kwamba mambo yangu yote mema nimeyafanya kabla ya kufikiri. Niliruka juu ya sinia la wali. Nikanyakua kisu cha nyama kando ya mchuzi. Nikatia mkono katika lile bakuli katikati ya wazee wawili, nikaitoa firigisi, nikaiweka kwenye kigogo.

"Unafanya nini wewe?" alisema baba.

"Nakata."

"Firigisi haikatwi," walisema wote wawili kwa pamoja, na ilikuwa mara ya kwanza mchana ule kukubaliana.

Nikashusha kisu kwa nguvu ya shujaa. Lakini firigisi iliyopikwa, ndugu zangu, ni ngumu juu na ina utelezi chini. Haikubali jemedari anayekuja kwa kishindo. Ilichomoka chini ya kisu kama jiwe la manati, ikapaa juu ya mlenda, ikapita sikioni mwa Mzee Masudi, ikatua ukingoni mwa mkeka, ikaviringika kuelekea uani alikolala mbwa wetu Polisi, ambaye maisha yake yote alikuwa akiingojea siku hii moja. Polisi aliinuka. Nami nikaruka. Tulikwenda sawasawa, yeye kwa miguu minne, mimi kwa tumbo, shati langu jeupe la Krismasi likipita ndani ya maharage, na katika inchi ya mwisho kabisa, pale ambapo mashujaa hutenganishwa na watu wa kawaida, nilifunika firigisi kwa kiganja, na pua ya Polisi ikaishia kwenye vidole vyangu.

Nikalala pale.

"Ameishika?" aliuliza Bibi.

"Ameishika," alisema Mzee Masudi. "Lakini maharage yametutoka."

Nikainuka nikidondosha maharage. Nikaiosha firigisi kwa maji ya kunawa. Nikarudi kwenye kigogo, na safari hii nikaishika kwa adabu, kidole huku na kidole kule, nikaanza kukata polepole.

"Luka," alisema Stanslaus, "baba yetu hakuwahi kuikata. Aliila nzima."

"Nani kasema?" aliuliza Bibi Limi.

Watu wote waligeuka.

"Tulimwona, mayu," alisema baba, akitumia neno la Kisukuma la mama, kama anavyofanya akianza kuogopa.

"Mliona ikitoka jikoni. Ilikoanzia hamkuona. Baba yenu hakuwa na meno ya nyuma tangu ninyi mko darasa la pili. Nilikuwa naikata huko ndani vipande vipande, naipanga tena kwenye bakuli ionekane nzima, ili mwanaume asiaibike. Na anayekata," aliongeza akilainisha kitenge chake mapajani, "huonja."

Sijui kama mmewahi kuona wanaume wawili wenye mvi wakipoteza desturi ya ukoo kwa dakika moja. Stanslaus alitafuta kofia yake, akaiona iko kwenye kiti, akaiacha. Mimi niliendelea kukata. Nilikata kwa ajili ya wanaume na wanawake, kwa ajili ya watoto wa Violeth, kwa ajili ya Mzee Masudi na mkewe, mpaka firigisi ile kuu ikawa rundo la vipande vidogo kama mbegu za tikiti, na kila mtu uani alikuwa na chake.

Kisha nikainua bakuli, na mkono wangu ukaganda hewani. Kwa maana nilitambua, enyi watu, kwamba vita havijaisha. Nianzie kwa nani? Baba alinitazama. Baba mkubwa alinitazama. Nilikuwa nimeigawa firigisi kwa watu wote nikasahau kuugawa mwanzo.

Bibi aliliona hilo kabla sijalia. Alinyoosha mikono yote miwili, akachota kipande kimoja kwa mkono wa kulia na kimoja kwa mkono wa kushoto.

"Njooni hapa," alisema. "Wote."

"Mayu—"

"Njooni, nimesema. Nilipowanyonyesha nilikuwa nawashika pamoja, mmoja huku, mmoja huku. Hamkuniuliza nani aanze, mlikuwa na akili. Chuchumaeni. Fumbueni midomo."

Dalali mkuu wa Maganzo na mwenye boma wa Ushirombo wakachuchumaa mbele ya viti vyao, magoti yakilia, wakafumbua midomo kama makinda. Bibi akawatia kwa pamoja. Wakatafuna kwa pamoja. Stanslaus alipojaribu kusema kitu Bibi alimwambia ameze kwanza, na baba alipocheka kipande kikampalia, na nani alimpiga mgongoni kama si pacha wake, kwa kofi ambalo lilikuwa na mwaka mzima ndani yake.

"Taratibu, Kulwa," alisema baba, machozi yakimtoka. "Wabeja, asante, lakini taratibu."

Nikazunguka na bakuli. Mlangoni mama alikuwa bado ameshika simu. Nilivuta kiti, kile cha kofia. Nikaiweka kofia kichwani kwangu na kiti nikakiweka mbele yake.

"Kaa, mama."

"Wali unahitaji—"

"Wali umeshaiva. Sisi ndio tulikuwa hatujaiva. Kaa."

Akakaa. Nikampa kipande chake. Alikiangalia kwanza mbele, akakiangalia nyuma, mwanamke aliyekwisha kupika firigisi ya kila Krismasi tangu aolewe na hajawahi kujua ladha yake. Akakitia mdomoni. Uani kote watu waliacha kula. Alitafuna. Aliendelea kutafuna. Akahamisha upande wa pili, akatafuna tena.

"Ndiyo hii?" aliuliza.

"Ndiyo hiyo, mama," nilisema.

"Hii hii?" Aliwageukia mapacha. "Hii ndiyo iliyokupandisha wewe bodaboda? Mbona ni ngumu kama ndala?"

Stanslaus alimtazama baba, baba akatazama mlenda. Ndipo mama akaanza kucheka, kwanza kwa pua, kisha kwa mabega, kisha kwa mwili mzima mpaka kiti kikasogea, na ukoo ukamfuata, na mkewe Mzee Masudi akaegemea nguzo. Katikati ya kicheko hicho simu mkononi mwake ililia. Alikuwa dada yake wa Songwa, akitaka jibu lake.

"Haloo, dada Asteria. Shikamoo. Na kwako pia, heri." Alijifuta macho. "Hapana, mwakani siji. Sikiliza, njoo wewe huku, na hao wakwe zako wapishi uje nao." Akasikiliza, bado anatafuna. "Usilete kitu. Njoo na meno tu."

Basi na ijulikane kuanzia Kishapu mpaka Bukombe, na wachimbaji wairudie mashimoni wakati wa kupumzika, kwamba katika Krismasi ile pale Ushirombo firigisi moja ilikatwa na Luka mwana wa Damian, shujaa wa maharage, mshindi wa mbwa, ikaliwa na watu wote, na hakuna aliyeondoka kabla ya chai. Nilipomaliza kula nilisimama ili kuyasema haya papo hapo kwa beti zangu nane. Nilifika ubeti wa kwanza, nusu. Violeth aliniwekea sufuria la wali mikononi, lenye ukoko wa kutosha, pamoja na majivu na kipande cha gunia, akanielekeza bombani. Na huko, kofia ya dalali kichwani, mwimbaji wa ukoo aliinama, akasugua.